Spanoulis Alirudi Nyumbani, Wala Hakushindwa

Katika familia nyingi za kwetu, mtu aliyekwenda Ulaya au Marekani akarudi kabla hajajenga nyumba huhesabiwa kuwa ameshindwa. Haulizwi amejifunza nini huko wala ana mpango gani. Huulizwa kwa nini amerudi. Ninaishi Piraeus, mji wa bandari ulioshikamana na Athens, ambako Watanzania wengi wa rika la kaka zangu walifika kwa kuzamia meli, na ninawafahamu wenzangu ambao wangekuwa wamekwisha kurudi Dar es Salaam au Tanga kama si kuliogopa swali hilo. Kwa ajili yao ninaandika juu ya Vassilis Spanoulis, mchezeshaji wa mpira wa kikapu ambaye watu wa mji huu wanamheshimu kuliko viongozi wao wengi.

Spanoulis alizaliwa Larissa mwaka 1982, akakulia katika klabu ya mji huo, kisha akahamia Maroussi na baadaye Panathinaikos ya Athens. Mwaka 2005 alikuwamo katika timu ya taifa iliyotwaa ubingwa wa Ulaya. Tarehe 1 Septemba 2006, huko Saitama, Japani, Ugiriki iliifunga Marekani 101 kwa 95 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na Spanoulis peke yake akapachika pointi 22 mbele ya LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Msimu uliofuata alikuwa Houston Rockets, katika NBA, ligi ya Marekani ambayo kila kijana anayedundisha mpira huiota.

Huko alisugua benchi. Alicheza michezo 31 tu katika msimu mzima, kwa wastani usiofika pointi 3 kwa mchezo. Katikati ya mwaka 2007 Houston ilimpeleka San Antonio Spurs, timu iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa, lakini yeye hakutaka kubaki Marekani. Akaachiliwa, akarudi Panathinaikos akiwa na umri wa miaka 25. Ninajua kabisa kijiweni kwetu kungesemwa nini: Marekani imemshinda. Tungemhesabia pointi zake za Houston na kusahau kwamba aliyefunga pointi 22 dhidi ya Wamarekani ni yeye yule.

Mwaka 2009, Berlin, alitwaa ubingwa wa EuroLeague, ligi ya klabu bora za Ulaya, akiwa na Panathinaikos, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo. Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo msomaji wa kwetu atalielewa bila kuelezwa: alivuka kutoka Panathinaikos kwenda Olympiacos ya hapa Piraeus, kama mtu atokaye Yanga kwenda Simba, na mashabiki aliowaacha hawakumsamehe. Kisha uchumi wa Ugiriki ukaporomoka. Mishahara ilikatwa, vijana waliosoma wakaondoka kwa mamia ya maelfu kwenda Ujerumani, Uingereza na kwingineko, na Olympiacos yenyewe ikapunguza bajeti yake na kuwaacha nyota wake kadhaa. Timu hiyo iliyopunguzwa, chini ya kocha Dušan Ivković, ilifika fainali ya mwaka 2012 mjini Istanbul dhidi ya CSKA Moscow, ikaachwa nyuma kwa pointi 19, ikazirudisha moja baada ya nyingine, na sekunde za mwisho kabisa Spanoulis alipovuta walinzi upande wake akamtolea pasi Georgios Printezis, ambaye alirusha mpira ulioleta ushindi wa 62 kwa 61. Mwaka 2013 wakatwaa tena, London, kwa kuifunga Real Madrid 100 kwa 88. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amefunga pointi nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya EuroLeague hadi wakati huo, 4,455.

Nisingependa mtu aseme kwamba yote hayo yalitokana na moyo wake tu. Moyo alikuwa nao, lakini alikuwa na mahali pa kurudi. Alipotua Athens mwaka 2007 alikuta klabu inayolipa, makocha wanaojua kazi, ligi yenye wapinzani wa kweli, na kumbi zinazojaa watu. Mahali hapo palijengwa, tena si zamani sana. Mwaka 1979 Nikos Galis, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki aliyezaliwa na kukulia New Jersey, alikuja kuchezea Aris ya Thessaloniki baada ya njia yake ya kwenda NBA kukwama. Mwaka 1987 ndiye aliyeiongoza Ugiriki kuifunga Umoja wa Kisovyeti 103 kwa 101 katika fainali ya Ulaya, ndani ya Uwanja wa Amani na Urafiki uliopo hapa ufukweni. Watoto wa kizazi cha Spanoulis walikua wakidundisha mpira kwa sababu ya usiku ule.

Sasa nimtaje Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Yeye naye alipita Houston, na yeye naye alisugua benchi pale pale, miaka michache baada ya Spanoulis. Msimu wake wa mwisho katika ligi ile ulimalizika mwaka 2014, na baadaye akacheza Japani na Taiwan. Wapo Watanzania waliomdhihaki, na jambo hilo linaniumiza hadi leo, kwa sababu walimpima kwa kipimo ambacho Wagiriki hawakumpimia mtu wao. Ni ligi gani tuliyokuwa nayo mwaka ule, ambayo mchezaji wa kiwango chake angeweza kurudi, akalipwa, akafundishwa zaidi na kuwainua wengine? Klabu zetu za kikapu, Savio, Vijana na Pazi, zimeishi kwa jitihada za watu wanaoupenda mchezo, na watu hao ninawavulia kofia. Lakini mapenzi hayawezi kulipa mshahara. Rwanda ilijenga ukumbi wake wa Kigali mwaka 2019, na miaka miwili baadaye BAL, mashindano ya klabu bingwa za kikapu za Afrika, yakaanzia humo.

Siisifu Ugiriki kupita kiasi. Nchi hii iliyompokea Spanoulis kwa mikono miwili ilimwacha Giannis Antetokounmpo, aliyezaliwa Athens mwaka 1994 kwa wazazi wa Kinigeria, bila uraia hadi mwaka 2013, mwaka ule ule NBA ilipomchukua. Sisi tunaoishi hapa tunaijua foleni ya karatasi za ukaazi. Hata hivyo, katika kumpokea mtu wake aliyetoka nje wametuzidi, na faida yake bado wanaivuna: mwaka 2025 Spanoulis, sasa akiwa kocha wa timu ya taifa, aliiongoza Ugiriki, pamoja na Giannis huyo huyo, kutwaa medali ya shaba ya Ulaya mjini Riga.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana za meli za Perama. Kazi hii nimeifundishwa na Wagiriki wenye subira, na sioni sababu ya ujuzi huu kuishia hapa. Ndugu zangu wanaponipigia simu huniuliza nitatuma nini mwezi huu, nami hutuma kwa moyo mweupe. Ningefurahi zaidi siku moja wakiniambia kwamba pale Tanga bandarini kuna karakana inayotafuta fundi, inalipa kiasi gani, na nimwone nani.