Jezi bila mtani

Jumamosi moja nilizuiwa mlangoni mwa baa katikati ya Glasgow kwa sababu ya jezi ya Yanga. Nilikuwa na wenzangu wawili wa kazini, tumetoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tunatafuta mahali penye joto pa kukaa. Mlinzi aliitazama kola ya kijani iliyochungulia kwenye koti langu, akanionyesha kibao kidogo kilichobandikwa kiooni: hakuna kuingia na rangi za mpira. Nikamweleza kwamba hii si timu ya hapa, ni ya Dar es Salaam, nikafungua zipu aione nembo. Aliisoma kwa makini. "Wewe najua huna neno," akasema, "lakini waliomo ndani hawatasoma nembo. Wataona kijani."

Nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikaingia. Nina miaka sita Uskoti na nimezoea mengi, baridi na giza la saa kumi jioni vikiwemo, ila sikuwa nimewahi kuambiwa niifiche timu yangu. Kwetu Temeke nguo ya timu huvaliwa ili ionekane, na ikishaonekana, ijibiwe. Marehemu bibi alikuwa hivyo hivyo na kanga zake. Dukani alianza kusoma jina, rangi akaitazama baadaye, kwa sababu alijua kabisa ni jirani gani atakayelisoma jina hilo wakikutana bombani. Mimi nimekua nikijua kwamba nguo ni maneno, na mwenye maneno hajifungii ndani akayasema peke yake.

Glasgow nao wana timu mbili kama sisi tulivyo na zetu, Simba na Yanga. Rangers, ya mwaka 1872, ni bluu. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na Bruda Walfrid, mtawa kutoka Ireland, ili ipatikane fedha ya kuwalisha maskini wa upande wa mashariki wa jiji, wengi wao Wakatoliki waliohamia kutoka kwao Ireland. Hao ni kijani na nyeupe. Basi rangi ya shati haikubaki kuwa ya mpira. Ikabeba dini ya mtu, asili ya babu yake, hata msimamo wake kuhusu ufalme wa Uingereza. Mwaka 1989 Rangers walipomsajili Mo Johnston, Mkatoliki aliyewahi kuichezea Celtic, walikuwepo mashabiki wa Rangers waliochoma skafu zao wenyewe. Mwaka 1995 kijana wa miaka 16, shabiki wa Celtic, aliuawa mtaa wa Bridgeton akiwa anarudi kutoka uwanjani. Msichana aliyekuwa rafiki yake ndiye aliyekuja kuanzisha Nil by Mouth, taasisi inayopambana na chuki hiyo mpaka leo. Larkhall, mji mdogo usio mbali na hapa, umewahi kuandikwa sana magazetini kwa sababu taa za kijani za barabarani zilikuwa zikivunjwa. Na shule nyingi zimeweka katika kanuni za mavazi kwamba mwanafunzi asije na rangi za mpira.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile ya baa nilichojua ni kwamba nimezuiwa.

Sisemi kwamba kwetu rangi ni jambo dogo. Yanga waliwahi kugoma kuvaa jezi zenye doa jekundu la mdhamini wa ligi, kwa kuwa nyekundu ni rangi ya Simba, na sisi mashabiki tuliwaunga mkono tukiwa hatutanii hata kidogo. Wafanyabiashara wa pande zote mbili za dunia wanalijua hilo. Huku, kwa miaka mingi, Celtic na Rangers walivaa mdhamini yuleyule kifuani, Carling kisha Tennent's, maana kampuni inayochagua timu moja imejifungia milango ya nusu ya jiji. Kwetu bia ya Kilimanjaro iliwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na mwaka 2017 SportPesa wakafanya hivyohivyo. Hesabu ni ileile. Wanaotofautiana ni watu waliomo ndani ya shati.

Baba yangu alikuwa Yanga. Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni Simba, na kwa miaka tisa aliishi chumba cha uani kwetu. Hakuna mtu mtaani ambaye angeweza kuitaja dini yako, kabila lako wala kipato chako kwa kuangalia jezi. Na ukizifuatilia timu zenyewe, hazina umbali mkubwa kati yake. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936, na wazee husimulia kwamba hii ya pili ilitokana na watu waliojitoa kwenye ile ya kwanza. Mnyama mwenyewe alikuwa akiitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, jina la klabu ya Waingereza yenye jezi nyekundu na nyeupe, ambayo mji wake si mbali sana na ninapoishi sasa. Jangwani na Msimbazi, zilipo klabu zetu, ni mwendo wa miguu tu ndani ya Kariakoo.

Tarehe 6 Mei 2012 Simba walitufunga tano bila. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijatoka vizuri, mjomba alitoka chumbani kwake amevaa jezi nyekundu iliyopigwa pasi, akaenda kwa mama ntilie wa kona, akarudi na maandazi matano kwenye gazeti. Akayapanga mezani mstari mmoja, mbele ya kiti cha baba. Hakusema neno. Akaenda kazini. Baba aliyaona, akanywa chai kavu, akaondoka. Sisi watoto ndio tuliyala yale maandazi, na nakumbuka mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nimejaribu kuwasimulia Waskoti habari hii. Wanaipenda, lakini hunisikiliza kama watu wanaosubiri sehemu ya ugomvi. Hawaamini kwamba haupo. Nadhani kinachowakosekana ni kitu chenyewe tunachokiita utani, ambacho hakikuanzia kwenye mpira. Kabila na kabila walikuwa watani kabla ya timu yoyote, na babu na mjukuu ni watani mpaka leo. Mtani ana ruhusa ya kukusema hadharani, kama Simba wanavyotuita sisi Yanga "Utopolo", na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ana wajibu pia. Ukifiwa, anakuja.

Baba alifariki mwaka 2017. Siku ya pili ya matanga mjomba alikuja turubaini amevaa jezi ya Yanga, jezi ya baba mwenyewe, imembana mabegani. Watu walinyamaza, kisha mzee mmoja akaanza kucheka, wote wakacheka, na mama, ambaye hakuwa ameinua uso tangu jana yake, akauinua. Mjomba alishinda nayo siku nzima akibeba maji na viti. Jioni aliivua, akaikunja, akanipa mkononi. "Mimi nimemaliza zamu yangu," akaniambia. Hiyo ndiyo jezi niliyoambiwa niifunike kwa koti.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tofauti kati ya kuvaa jezi nyumbani na kuvaa jezi hapa, simwelezi habari za bei wala ubora wa kitambaa. Nyumbani jezi ina mtu wa upande wa pili, na mtu huyo ni wa kwenu. Huku, ukivaa ya timu zao, mtu wa upande wa pili unamwogopa. Ukivaa ya kwenu, hayupo kabisa. Upweke huu sikuutarajia. Nilijiandaa kukosa chakula na lugha. Kumkosa mpinzani sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kuumiza.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo natamani nyumbani tungejifunza kutoka huku, na nalisema nikijua litawaudhi baadhi yenu. Huku mtu ana haki ya kupenda kitu chake peke yake. Kazini kwetu kuna dada anayevaa fulana za bendi ambazo hata wenzake wa rika moja hawazijui. Zina mafuvu na maandishi yasiyosomeka. Wazee anaowahudumia humuuliza zina maana gani, naye huwaeleza kwa furaha huku akiwafunga vifungo vya shati. Hakuna anayemtilia shaka. Mdogo wangu wa kiume alivaa fulana ya namna hiyo Dar, na kabla ya mwezi kwisha akaitwa na wazee wa familia kuulizwa kama amejiunga na Freemason. Alikuwa anapenda gitaa tu. Aliiacha ile fulana, na nahisi na gitaa aliliacha kidogo. Sisi tuna sehemu mbili za kumweka mtu: Simba au Yanga. Asiyetoshea popote tunamwona ana siri.

Lakini dada huyuhuyu ndiye aliyenifundisha upande mwingine wa jambo. Nilikuja Uskoti na fulana nyeusi niliyoinunua mitumbani, soko la Karume, yenye mduara na maandishi RAMONES. Niliichagua kwa sababu ilikuwa nzito na haijapauka. Siku niliyoivaa, dada yule alinikumbatia, akaanza kuniuliza maswali mfululizo kuhusu albamu na nyimbo. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui ni nini, kwamba kwetu nguo hizi huja kwenye marobota kutoka Ulaya na Marekani na tunachagua kwa saizi na rangi. Aliduwaa. Akasema huku mtu akivaa jina la bendi asiyoisikiliza watu humwona mwongo.

Neno hilo lilinikaa. Mamilioni yetu tunavaa majina ya vyuo ambavyo hatukusoma, mashindano ambayo hatukukimbia, kampuni ambazo hazijatuajiri. Si uongo. Hatujasema chochote, tumevaa nguo. Shati likishatolewa bure kwenye duka la hisani, likapimwa kwa kilo na kuvuka bahari, maneno yake yamekwisha, na anayelivaa Karume ana haki ya kulianza upya. Nilimweleza hivyo naye akakubali, nusu. Halafu akanipa nyimbo zao nisikilize. Vijana wanne wa New York, walianza mwaka 1974, hawakuwa ndugu, ila wote walijiita Ramone kama watoto wa ukoo mmoja. Wote wanne sasa ni marehemu. Nimezipenda nyimbo zao: fupi, hazizunguki. Fulana bado ninayo, na sasa nikiivaa nina la kusema.

Nirudi kwenye kijani. Tarehe 5 Novemba 2023 ilikuwa Jumapili. Mechi ilianza saa nane mchana kwa saa za huku. Nilivaa jezi ya baba, nikaegemeza simu kwenye kikombe juu ya meza, nikakaa. Kufikia mwisho tulikuwa tumewafunga Simba tano kwa moja, mawili ya Maxi Nzengeli. Tano! Miaka kumi na moja nilikuwa na deni la maandazi. Nilisimama katikati ya chumba na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha kiganja. Nilitoka nje na koti wazi, baridi ikinipiga kifuani, nikatembea mpaka dukani na kurudi. Mvulana mmoja aliyevaa ya Celtic aliniinulia dole gumba. Alikuwa ameona kijani tu, kama mlinzi alivyosema.

Giza lilipoingia zilianza fataki. Tarehe 5 Novemba huku ni usiku wa mioto na fataki, desturi yao ya tangu karne ya 17, na anga lote la Glasgow lilikuwa linalipuka rangi. Nilikaa dirishani nikitazama, nikawaza baba angesema ni za Yanga na angeshikilia hivyo mpaka kufa. Nikampigia mjomba. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatwa. Nilifurahi sana, kwa sababu kukatiwa nako ni jibu, na ndilo pekee nililopata siku ile. Asubuhi nilimtumia dada yangu pesa anunue maandazi matano na kuyapeleka. Mjomba aliyapokea, akamwambia aniambie kwamba yamechacha.

Majira ya baridi yaleyale, nikiwa kwenye foleni ya kulipia dukani, nilisikia Kiswahili nyuma yangu. Kijana, mwanafunzi kwa sura ya mkoba wake, anaongea na simu kwa sauti ya mtu anayeamini hakuna anayemwelewa. Alikuwa anamtetea kocha fulani, kisha akasema "sisi Simba." Nilivuta zipu mpaka chini. Nikageuka, nikainua kiganja, vidole vyote vitano vimetanuka.

Alinitazama jezi, akanitazama mkono. Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Ngoja nitakupigia," akasema. "Kuna Utopolo hapa mbele yangu."