Kahawa haiondoi usingizi
Hapo mnaposema kahawa haiondoi usingizi ila inauficha tu, mimi nakubali moja kwa moja. Kinachojikusanya ubongoni kadiri unavyokesha ni adenosini, kemikali inayoleta usingizi. Mwaka 1997 watafiti Tarja Porkka-Heiskanen, Robert McCarley na wenzao waliipima kwenye ubongo wa paka: ilipanda kadiri walivyokeshwa, ikashuka taratibu walipoachwa walale. Kafeini iliyomo kwenye kahawa inakwenda kuziba vipokezi vya adenosini, yaani sehemu za ubongo zinazoipokea, basi. Mzigo wenyewe wa usingizi uko palepale, na kafeini ikipungua mwilini unakuangukia wote. Nimeendesha lori Dar hadi Tunduma miaka 11. Usiku mmoja nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu pale Mikumi, nikajiona mzima kabisa, lakini kabla ya kuanza kupanda mlima Kitonga utingo aliushika usukani huku akipiga kelele. Kipande kizima cha barabara nilichotoka kukipita sikikumbuki mpaka leo. Macho yalikuwa wazi! Tangu siku ile naegesha Ruaha Mbuyuni nalala hata dakika 40, tajiri apige simu, afoke, mimi nimelala. Madereva wenzangu, nyie matajiri wenu mnawaelezaje mkitaka kulala njiani?