Bondi ya kudumisha amani si msamaha

Mtu akipatikana na hatia ya kumpiga jirani, kisha hakimu akaamuru atie sahihi bondi ya kudumisha amani, nje ya mahakama hapa Mombasa neno huwa moja: ameachiliwa. Aliyepigwa hurudi nyumbani na mshono wake, akiona haki imemponyoka. Uchungu huo ni wa kweli, na wanaotaka jela hawana roho mbaya.

Lakini huyo hakuachiliwa. Kifungu cha 33 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chamruhusu hakimu kumtaka aliyehukumiwa aahidi, kwa kiasi cha pesa, kwamba ataishi kwa amani na mwenendo mwema kwa muda atakaowekewa. Bondi hiyo yaweza kuwa badala ya kifungo, au juu yake. Makosa yanayobeba hukumu ya kifo, wizi wa mabavu ukiwemo, hayamo kabisa. Anayewawazia vijana wanaopora kwa mapanga Kisauni atulie.

Tazama magomvi yenyewe. Nyumba ya Kiswahili mtaani Majengo: vyumba sita, ukumbi mmoja, mfereji mmoja. Waliopigania zamu ya maji watalala humo humo usiku ule. Ukimpeleka mmoja gereza la Shimo la Tewa miezi 3, kodi hailipwi, watoto wanakosa karo, naye anarudi ukumbi ule ule na kinyongo kilichokomaa. Bondi humwacha na kazi yake, huku mjomba aliyemdhamini akiwa na kila sababu ya kumwita barazani mapema. Amani ikivunjwa, mjomba naye hudaiwa zile pesa. Asipolipa mali yake hunadiwa, na isipotosha aweza kufungwa hadi miezi 6. Askari jela hana cha kupoteza namna hiyo.

Kwa mume aliyempiga mkewe siikubali bondi peke yake. Huko kuna sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani, ambayo kwayo mke aweza kuomba amri ya ulinzi.

Linaloninyima raha ni sehemu ya mwisho ya kifungu hicho cha 33. Mtu aweza kufungwa mpaka bondi ikamilike, hadi mwaka 1, ilimradi jumla isipite adhabu ya juu ya kosa lake. Kosa la kuzua fujo mwisho wake ni miezi 6. Kosa la kumpiga mtu na kumuumiza mwilini mwisho wake ni miaka 5, kwa hiyo mwaka mzima unawezekana. Yaani mtu ambaye hakimu mwenyewe ameona hastahili jela anakaa jela kwa kukosa mdhamini.

Na mdhamini atatoka wapi? Mahakama huuliza hati ya shamba, hati ya gari, karatasi ya mshahara. Mji huu umejaa nyumba bila ardhi: familia imejenga, imezika wazee wawili, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na hati hawana. Wanaheshimika mtaa mzima, na mbele ya karani hawana kitu.

Sheria inasema wazi: akiwa na wadhamini au bila wao. Mahakimu waanzie kwenye sahihi ya mwenyewe, kwa kiasi kinachomuuma dereva wa tuktuk bila kumshinda, na wadhamini watakiwe kwa yule tu aliyekwisha kuvunja bondi ya kwanza.