Leo usiwashe kuni

Jana asubuhi, baridi ya Januari hapa Salt Lake City, nimeshapanga kuni kwenye meko ya sebuleni, kiberiti mkononi, simu ikalia. Ujumbe wa mamlaka: leo hewa ni mbaya, marufuku kuwasha kuni, ukikaidi unapigwa faini. Nilikasirika. Nyumba yangu, kuni nimenunua kwa hela yangu, nani wa kunipangia?

Nikachungulia dirishani: milima yote imepotea. Mji huu umezungukwa na milima, na majira haya hewa ya joto hukaa juu kama mfuniko, ya baridi inabanwa chini pamoja na vumbi la moshi. Kiangazi ni zamu ya ozoni, gesi inayozaliwa jua linapounguza moshi wa magari na mvuke wa petroli. Huioni, ila kifua kinaijua. Siku hizo tunaombwa kujaza mafuta jioni.

Nikamkumbuka mama, kule Igogo, Mwanza. Alfajiri anakata kipande cha ndala iliyochakaa, anakiwasha, kinadondosha matone meusi juu ya mkaa, moshi unapanda mawe mpaka kwa jirani wa juu. Tulikohoa utoto mzima tukiambiwa ni baridi ya ziwa. Sisi nani alitutumia ujumbe?

Najua mtasema nimekuwa mzungu, nimesahau dagaa. Sijasahau. Hapa sijaona jioni ya kulinganisha na Capri Point mvua ikishakatika. Ndiyo maana inaniuma.

Mtasema gesi ni bei. Kweli kabisa, mtungi wa mama naujaza mimi, nikichelewa anarudi kwenye mkaa. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na naomba ifike. Lakini ndala isubiri 2034? Na yale marundo ya nailoni na nepi yanayochomwa kando ya njia kila jioni? Gari la taka halipiti, sawa, basi tulipigie kelele kama tunavyopiga maji yakikatika. Wala msiniambie upepo unaondoa moshi. Usiku unavuma kwenda ziwani, mchana unatoka ziwani kuja kwetu.

Nimempigia mama.

"Sasa mwanangu, niwashie nini?"

Nikamwambia magunzi makavu. Nayo yana moshi, ila si ule wa plastiki. Akanyamaza kidogo.

"Ndala ndiyo inayoshika haraka," akasema.