Mwezi mmoja mtupu unakula hela kuliko unavyodhani

Ukianza kupangisha fleti kwa mara ya kwanza ushauri unaopewa ni uleule: uliza majirani wanatoza kiasi gani, weka hiyohiyo au ongeza kidogo, halafu kila mwaka pandisha. Ukitoza chini kidogo ya wenzio unaambiwa umelala, huyo mpangaji atakupanda kichwani. Sasa mi naona hao wanaoitwa wamelala wengi wao wamepiga hesabu, tatizo hawaielezi wakaeleweka.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka una miezi 12, fleti ikikaa tupu mwezi mmoja umepoteza asilimia 8.3 ya kodi ya mwaka mzima. Una mpangaji analipa kwa wakati, hana kelele, ukampandishia asilimia 5. Akachukia akahama. Ukabahatika, ndani ya mwezi mmoja tu ukapata mwingine anayelipa hiyo bei mpya bila kubisha. Mwaka ukiisha umekusanya miezi 11 ya bei mpya, ambayo ni sawa na miezi 11.55 ya bei ya zamani, na yule uliyemkimbiza alikuwa anakupa 12. Yaani umepandisha kodi ukaishia kupata hela pungufu! Kuja kuwa sawa na pale ambapo ungekuwa kama usingegusa chochote ni miezi 21 tangu yule wa kwanza atoke.

Na hapo sijagusa rangi, kitasa kipya, cha dalali, na fundi wa kurekebisha vile vitu ambavyo huwa vinaonekana siku nyumba ikiwa tupu tu. Vyote hivyo vikila kodi ya mwezi mmoja mwingine basi ile 21 inakuwa 42. Miaka mitatu na nusu, kwa ajili ya asilimia 5. Na huyo mpya akihama kabla ya hapo unaanza moja, tena bila uhakika kwamba anayefuata atakuwa mlipaji, maana mpaka sasa nimedhani wote wanalipa.

Haya, upande wa pili nao hawaongei upuuzi. Gharama zinapanda hata usipopandisha wewe: ada ya jengo, bima, mafundi, na kama fleti ina mkopo wenye riba ya kubadilika ndo kabisa. Bei za vitu zikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 5 kodi ileile inanunua kama asilimia 78 tu ya ilichokuwa inanunua mwanzo. Halafu ukikaa kimya miaka yote hiyo ukija kushtuka unataka kufidia kwa mpigo, na hapo ndo unamuumiza mpangaji kweli, afadhali ungemwongezea kidogokidogo. Kuna sehemu sheria inaweka kikomo cha kupandisha, miaka uliyoiacha huwezi kuirudia. Hilo nawapa. Ila dawa yake ni kuandika kwenye mkataba tangu siku ya kwanza kwamba kila baada ya muda fulani kodi itaongezeka kiasi fulani, mtu aingie anajua, asishtukizwe kwa meseji ya usiku.

Pia bei ya chini kidogo inakuletea waombaji wengi, na waombaji wengi maana yake unachagua. Ukiwa na bei ya kukaza unapata mmoja baada ya wiki sita, unamkubali hata kama roho inasita, kwa sababu marejesho ya benki hayasubiri.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kodi yote inayoingia ni yao. Lugha yetu yenyewe ilishatutahadharisha, ile unayopokea inaitwa kodi na ile unayoipeleka serikalini nayo inaitwa kodi. Amana anayoweka mpangaji akiingia ndo kabisa si mapato, ni hela ya mtu umeshikishwa, iweke pembeni. Na usije kuikata kwa sababu rangi imefifia au zulia limechakaa mlangoni, huo ni uchakavu wa kawaida wa mtu kuishi, tofauti na mlango uliopigwa teke ukapasuka. Bila picha za siku ya kukabidhiana funguo na orodha mliyosaini wote wawili hata huo mlango utabishaniwa. Benki kama inakudai iulize kabla hujapangisha, na bima nayo, maana bima ya nyumba unayoishi mwenyewe mara nyingi haimlindi mtu aliyepangisha. Soma na kanuni za jengo, kuna majengo hayaruhusu kupangisha kwa siku mbili tatu, na mpangaji akipiga muziki usiku barua inakuja kwako wewe mwenye fleti.

Narudi kwa huyo mpangaji wa muda mrefu kwa sababu kuna faida nyingine huwa haiingii kwenye hesabu za watu. Fleti iko juu ya fleti nyingine. Mpangaji anayejua atakuwepo mwakani akiona unyevu chini ya sinki anakupigia siku hiyohiyo, unatuma fundi anabadilisha kiungo kimoja cha bomba, basi. Aliyekwisha kukasirika anaweka ndoo, anaendelea kutafuta pa kuhamia, na wewe habari unaipata kwa jirani wa chini, dari ikiwa tayari ina doa.