Mtungi wa gesi unahesabiwa, gunia la mkaa halimo

Kabla jua halijapanda, barabara ya kuingia Tabora kutoka upande wa Sikonge huwa na baiskeli nyingi kuliko magari. Nyingine zimebeba magunia mawili, nyingine matatu, yamekazwa kwa mipira ya tairi. Mwenye baiskeli hapandi, anasukuma, kifua kimelalia mzigo. Mkaa ukifika Isevya au Ng'ambo unauzwa kwa ndoo na kwa kopo, majiko yanawashwa, maharage yanainjikwa. Katika yale majedwali ya dunia yanayopanga nchi kwa kipato na hewa ukaa, safari hiyo yote haimo.

Haimo kwa sababu majedwali yanayonukuliwa zaidi huhesabu petroli na dizeli, makaa ya mawe, gesi na saruji. Kwa hesabu hiyo Mtanzania hafikishi hata nusu tani kwa mwaka. Mmarekani anafika tani 14 hivi, na mkazi wa Qatar anapita 30. Ukitazama haraka utasema jambo limeisha: fedha ikiingia, moshi unapanda. Tanzania iliingizwa na Benki ya Dunia kwenye kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, basi na sisi tujiandae kufuata njia hiyo hiyo.

Wapo wanaosema tuache kuhangaika, tutajirike kwanza. Wanaegemea mchoro wa kilima uliopewa jina la Simon Kuznets, mchumi aliyepata Nobel mwaka 1971. Kuznets mwenyewe alikuwa akizungumzia pengo la kipato. Waliouhamishia kwenye mazingira, miaka ya mwanzo ya 1990, ni Gene Grossman na Alan Krueger: uchafuzi hupanda nchi inapoanza kupata, kisha hushuka ikishashiba. Ushahidi upo. Uingereza, iliyoanza mapinduzi ya viwanda kwa makaa ya mawe, ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa hayo tarehe 30 Septemba 2024, na uchumi wake ni mkubwa kuliko ulivyokuwa mwaka 1990.

Mimi kilima hicho nakiamini nusu. Grossman na Krueger walipima mambo kama moshi na gesi ya salfa, uchafu unaomkohoza aliyeutoa. Mtu akipata fedha hachelewi kuondoa kinachomkohoza. Kaboni, yaani ile hewa ukaa, haimkohozi mtu. Inapanda angani na kuwa ya wote. Tena sehemu ya viwanda vya Ulaya haikuzimwa, ilihamia Asia, na bidhaa zinarudi kwa meli. Hata kipato chenyewe hakisemi kila kitu: Mfaransa na Mjerumani hawapishani sana mfukoni, ila Mfaransa hutoa kaboni kidogo zaidi, kwa kuwa umeme wake mwingi ni wa nyuklia.

Turudi Tabora, maana huku kilima chenyewe kina umbo lake. Kijijini watu hupikia kuni, nyingi za kuokota. Kijana akipata kazi mjini anahamia kwenye mkaa, kwa kuwa hauna moshi mwingi na unakaa kwenye chumba cha kupanga. Amepanda ngazi. Lakini tanuri la udongo la porini hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti kabla gunia halijashonwa, hivyo sufuria ile ile sasa inakula miti mingi kuliko ilipokuwa juu ya mafiga. Akipanda tena ngazi, ananunua mtungi wa kilo 6. Hapo ndipo jedwali linamwona kwa mara ya kwanza, na linamwandika kama mchafuzi!

Tupige hesabu. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa kilo 3 hivi za hewa ukaa. Mtungi mmoja kila mwezi ni kilo 216 kwa mwaka, kwa familia nzima. Mmarekani mmoja wa tani 14 anazimaliza kwa siku zisizotimia sita. Kwa hiyo anayeogopa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, eti utapandisha kaboni ya nchi, anaangalia sehemu ndogo mno.

Utetezi wa mkaa nao usipuuzwe. Miombo huchipua kwenye visiki, na pori likiachwa linarudi na kunyonya kaboni ile ile. Tatizo ni hilo neno "likiachwa". Urambo na Kaliua, mkulima wa tumbaku akilipwa vizuri mwaka huu, mwakani anaongeza ekari, na ekari ikiongezeka bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, nalo linadai kuni zaidi. Mabani ya kisasa yamepunguza, na wakulima hutakiwa kupanda miti, lakini mche wa mwaka huu haukaushi tumbaku ya mwaka huu. Huyu naye kipato chake kimepanda pamoja na kaboni yake, na jedwali la mafuta halina habari naye.

Mama ntilie ninayekula kwake ana mtungi na jiko la mkaa, vyote viwili vinafanya kazi. Chai na mayai ni gesi. Maharage, anasema, akiyaweka kwenye gesi faida yote inaishia kwenye mtungi.