Chakula cha jirani: kuombwa pesa mapema si dharau

Tanga au Temeke, anayetaka vitumbua vya asubuhi hutoka na bakuli lake tu. Anamkuta mpishi jikoni, anaona mafuta yalivyo, ananusa, analipa au anaandikiwa deni. Huku Uingereza hakuna anayepita mlangoni na bakuli. Watanzania na Wakenya wanaouziana pilau na sambusa kupitia makundi ya WhatsApp wana mtindo mwingine: menyu inatoka Jumatatu, oda zinafungwa Alhamisi usiku, pesa inaingia kabla mpishi hajaenda sokoni, na Jumamosi mchana kila mtu anafuata chakula chake. Kwa maoni yangu, utaratibu huo wa kulipa kabla ndio tunaopaswa kuupeleka nyumbani. Mpishi wetu wa mtaani haangushwi na uhaba wa wateja. Anaangushwa na chakula kilicholala na madeni yasiyolipwa.

Pesa ikitangulia, idadi inajulikana. Kilo moja ya mchele hutoa sahani nane za kawaida, kwa hiyo oda 24 za pilau ni kilo tatu za mchele na kilo mbili za nyama, na sufuria ya lita 20 inazibeba bila kubanana. Balaa huanza oda zikifika 48. Mpishi anatafuta sufuria kubwa zaidi na kupika kilo sita kwa mkupuo. Mchele wa chini unapondeka kwa uzito, wa juu unabaki na kiini. Maji nayo ameyazidisha mara mbili, ilhali yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki kwa kiasi hicho, na pilau inageuka bokoboko. Afadhali sufuria mbili za lita 20, moja ikitangulia nyingine kwa nusu saa. Na kama una sufuria moja, funga oda kwenye 24. Kumwambia mtu "nafasi zimejaa, subiri wiki ijayo" hakumfukuzi mteja. Wali mbichi humfukuza.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni joto. Nyumbani pilau huliwa ikifuka moshi. Huku mtu anaichukua mchana na kuila usiku, au kesho yake. Wali uliopoa polepole una hatari yake: bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha vijimbegu visivyokufa kwa kuchemshwa, navyo huamka wali ukikaa vuguvugu. Sumu anayotoa haiondoki kwa kupasha moto upya. Kwa hiyo njia ni mbili tu: ama chakula kibaki juu ya nyuzi 63 za Selsiasi hadi kichukuliwe, ama kitandazwe kwenye trei pana, kipoe ndani ya saa moja au mbili, kisha kiingie kwenye friji ya nyuzi 5. Kukipakia cha moto na kufunga kifuniko ni kukiharibu, kwa sababu katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Sambusa ziuzwe mbichi zikiwa zimegandishwa, na mnunuzi azitoe kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya moto wa wastani. Zikiyeyuka kwanza, manda hulowa na kupasuka.

Sheria ya huku si ngumu kama inavyosimuliwa. Mpishi wa nyumbani anajiandikisha kwa halmashauri ya eneo lake siku 28 kabla ya kuanza kuuza, bila malipo, na ombi halikataliwi. Baadaye afisa hukagua jiko. England, Wales na Ireland ya Kaskazini alama za usafi ni 0 hadi 5. Kuna pia vyakula 14 vinavyoleta mzio ambavyo lazima mnunuzi aelezwe kabla ya kulipa na tena anapokabidhiwa: karanga, ufuta, maziwa, mayai, ngano, kamba, korosho na vinginevyo. Nazi haimo katika orodha hiyo, lakini itaje tu, maana wapo inaowadhuru.

Nyumbani umeme hukatika, basi tusiige mambo ya friji. Tuchukue oda na malipo, chakula kitoke cha moto kwa muda mfupi, tuseme saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, na kila mtu aje na hotpoti yake. Vitumbua vya asubuhi viachwe vilivyo. Malipo ya mapema yaanzie kwenye oda kubwa, kama biriani ya Ijumaa na sambusa za Ramadhani: nusu kwa M-Pesa wakati wa kuagiza, nusu siku ya kuchukua. Anayeghairi kabla mpishi hajaenda sokoni arudishiwe yote. Nyama ikishanunuliwa, ile nusu hairudi. Utaratibu huu utangazwe kwa wote siku moja, shemeji na mama mkwe wakiwemo, kwa sababu ndugu mmoja akisamehewa, Ijumaa inayofuata mtaa mzima utakuwa na udhuru.